Saratani ya matiti: nani aambiwe, lini, na ukimya unagharimu nini

Mama yangu mdogo alikaa na uvimbe kwenye titi la kushoto kwa miezi saba kabla ya kumwambia mtu yeyote. Aliyeambiwa kwanza hakuwa mumewe, wala daktari, wala mimi ambaye kila nilipokwenda kwake Buguruni, Dar es Salaam, nililala naye chumba kimoja. Alikuwa fundi cherehani wake, kwa sababu gauni la sikukuu lilimbana upande mmoja na alitaka mshono uachiwe kidogo. Fundi alipima, akaandika kwenye daftari lake, akapima tena, kisha akamwambia kwa sauti ya chini: "Mama, hili si la kushona. Nenda hospitali."

Tumezoea kusema kwamba wanawake wanachelewa kwa sababu hawana elimu. Mama mdogo alikuwa akisikiliza redio kutwa nzima akiuza vitenge, na kila ulipofika mwezi wa Oktoba alisikia matangazo yote ya saratani ya matiti. Alijua kwamba uvimbe unaweza kuwa hatari hata kama hauumi. Habari alikuwa nazo. Alichokosa ni mtu wa kumwambia bila neno hilo kufika siku hiyo hiyo kwa mumewe, kwa wateja wake na kwa mawifi zake. Kwa hiyo tunaposema "tuzungumze kwa uwazi", inafaa tueleze ni mazungumzo gani tunayoyakusudia, kwa maana yapo ya aina nyingi, na kila moja lina wakati wake na mtu wake.

Kwanza ugonjwa wenyewe. Saratani ya matiti huanza pale chembechembe za titi, mara nyingi zile za mirija ya maziwa, zinapopoteza utaratibu wa kugawanyika na kufa kwa wakati wake, zikaendelea kuongezeka, zikatoka nje ya mirija na hatimaye kusafiri kwa njia ya limfu na damu hadi kwapani, kwenye mifupa, mapafu, ini au ubongo. Safari hiyo huchukua muda. Uvimbe wenye upana wa sentimita moja kwa kawaida umeshajijenga kwa miaka kadhaa kabla ya kushikika, na ndiyo maana hakuna haja ya mwanamke kukimbia usiku wa manane baada ya kushika kitu kigumu titini. Siku tatu hazibadilishi jambo. Miezi mitatu inaweza kubadilisha mengi, na ndipo miezi saba ya mama mdogo inaponiuma hadi leo.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2022 wanawake milioni 2.3 waligundulika kuwa na ugonjwa huu duniani, na watu 670,000 walifariki kwa sababu yake. Wanaume nao huupata, ingawa ni wachache sana, kati ya nusu ya asilimia na asilimia moja ya wagonjwa wote. Kwa wanawake wa Tanzania ni saratani ya pili kwa wingi baada ya ile ya mlango wa kizazi. Tathmini ya huduma za afya ya matiti nchini iliyotolewa mwaka 2017 ilionyesha kwamba wagonjwa wanane hivi katika kila kumi hugundulika wakiwa katika hatua ya tatu au ya nne, yaani uvimbe umeshakuwa mkubwa, umeshika ngozi au tezi za kwapani, au umeshasambaa mwilini. Tiba ile ile inayomponya mwenye hatua ya kwanza huwa na kazi ngumu zaidi hapo.

Lipo pia jambo ambalo halisemwi vya kutosha, nalo lingepunguza hofu nyingi: vimbe nyingi za matiti si saratani. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 90 ya vimbe hizo si za saratani. Wasichana hupata vimbe laini zinazoteleza chini ya kidole, wengine hupata vifuko vya maji, na wanaonyonyesha hupata jipu la titi. Hapa kwenye kunyonyesha ndipo wengi hupotea, kwa sababu mama akisema ana kigumu titini ataambiwa na kila mtu kwamba maziwa yameganda, akandwe kwa maji ya moto, na mtoto anyonye sana upande huo. Mara nyingi kweli huwa ni maziwa tu. Lakini kigumu kikibaki palepale baada ya wiki mbili za tiba, kinataka kuchunguzwa upya, hata kama mama ana miaka 28 na amenyonyesha watoto watatu. Kunyonyesha hupunguza uwezekano wa kupata ugonjwa huu, na kadiri mama anavyonyonyesha kwa muda mrefu ndivyo unavyopungua zaidi, ila hauishi kabisa. Dalili nyingine za kuangaliwa ni ngozi ya titi inayovutwa ndani au kuwa na vitundu kama ganda la chungwa, chuchu iliyoingia ndani ilhali haikuwa hivyo zamani, chuchu inayotoa damu au yenye vidonda visivyokauka, na kinundu kwapani. Kuweka pesa au simu kwenye sidiria, jambo ambalo karibu kila mwanamke wa sokoni hulifanya na hulaumiwa kwalo, si chanzo cha saratani.

Sasa turudi kwenye ukimya, kwa sababu una mantiki yake na hauvunjwi kwa kukemea. Jengo la zamani la Ocean Road, lile la Wajerumani la mwishoni mwa karne ya 19 linalotazama bahari, limekuwa makao ya taasisi ya saratani kwa mujibu wa sheria tangu mwaka 1996. Mtaani jina hilo husemwa kwa kunong'ona. Ukiwauliza watu kwa nini, watakutajia jirani, shangazi au mwalimu wao aliyepelekwa huko na asirudi. Hawasemi uongo, wanasimulia walichokiona. Lakini wengi waliopelekwa walikwenda wakiwa na kidonda kilichoshindikana kufichwa tena kwa harufu, na waliokwenda mapema wakapona walirudi nyumbani, wakavaa nywele za bandia mpaka zao zilipoota, wakasema walikuwa na malaria sugu au walikwenda kumuuguza ndugu Morogoro. Kwa hiyo mji unawaona wanaokufa na hauwaoni waliopona. Mwanamke anayeshika uvimbe leo Tandika au Kimara anapiga hesabu zake kwa kutumia mifano aliyonayo, na mifano aliyonayo yote ni ya misiba. Akiamua kukaa kimya, kwa mifano hiyo hajakosea hesabu.

Imani kwamba saratani ikiguswa na kisu inasambaa imezaliwa humo humo. Mtu anakwenda hospitali akiwa katika hatua ya nne, anachukuliwa kinyama cha kupimwa au anafanyiwa upasuaji, na baada ya miezi michache anafariki. Aliyekaa nje anaunganisha kisu na kifo, kwa sababu kisu alikiona na kusambaa hakukuona. Ukweli ni kwamba bila kinyama hicho daktari hawezi kujua ni saratani au la, na kama ni saratani, ni ya aina gani. Siku hizi mara nyingi huchukuliwa kwa sindano nene baada ya ganzi, mgonjwa akiwa macho, na anarudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Sisi wa mji huu tumewahi kuyaona haya katika ugonjwa mwingine. Kabla ya dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI kuanza kutolewa bure nchini mwaka 2004, hakuna aliyetaka kujulikana, na aliyekonda alihama mtaa. Mwaka 2007 Rais Jakaya Kikwete na mkewe Salma walipima hadharani katika viwanja vya Mnazi Mmoja, na mfano wao ulisaidia sana. Lakini naamini watu wa kawaida walianza kusema kwa sababu walikuwa wameshawaona majirani waliokuwa kitandani wakiamka na kurudi dukani. Marekani nayo, mwaka 1974, Betty Ford, mke wa Rais Gerald Ford, aliueleza umma kwamba ameondolewa titi kwa saratani, na wanawake wengi wakajitokeza kuchunguzwa kiasi cha idadi ya waliogundulika kupanda kwa muda. Uwazi hushika mizizi pale watu wanapomwona aliyepitia akiwa hai na mwenye kazi zake.

Je, nani aambiwe? Wa kwanza ni mhudumu wa afya, na mazungumzo hayo ndiyo pekee yasiyoweza kungoja. Hayahitaji ruhusa ya mtu, na hayahitaji mwanamke awe ameshaamua atamwambia nini mumewe. Zahanati au kituo cha afya kilicho karibu kinatosha kuanzia, kwa sababu mikono iliyofundishwa inaweza kukagua matiti bila mashine. Huko Mumbai, India, utafiti uliowafuatilia wanawake zaidi ya 150,000 kwa miaka 20, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2021, ulionyesha kwamba wanawake waliokaguliwa kwa mikono na wahudumu wa afya ya msingi kila baada ya miaka miwili waligundulika mapema zaidi, na kwa wale wa miaka 50 na kuendelea vifo vilipungua kwa karibu asilimia 30. Kutoka kituo cha afya mtu hupewa rufaa kwenda hospitali kubwa zaidi, Amana, Temeke au Mwananyamala, na baadaye Muhimbili au Ocean Road. Shirika la Afya Duniani linataka muda wote wa kupata majibu tangu mgonjwa alipofika hospitali mara ya kwanza usizidi siku 60.

Huduma nazo zina wajibu wake katika uwazi huu. Siku nilipomsindikiza mama mdogo kwenye hospitali moja, mhudumu alitoka mlangoni akaita kwa sauti, "Wa kansa ya matiti wasimame upande huu," na korido nzima ikageuka. Mama mdogo hakusimama. Alikaa na bahasha yake ndani ya mfuko wa rambo mpaka wale wengine walipokwisha, ndipo akaingia wa mwisho, saa tisa alasiri. Aliyelazimishwa kutajwa mbele ya watu huona kwamba siri ndiyo kinga aliyobaki nayo. Lipo na kosa la upande wa pili, ambalo familia zetu hulifanya kwa upendo: majibu yanaambiwa ndugu, mgonjwa anafichwa, anaambiwa ni vidonda tu. Nimeona mama mtu mzima akipelekwa kwenye dripu za tibakemikali, yaani dawa za kuua chembe za saratani, bila kujua anatibiwa nini, na alipoanza kutapika akaacha, kwa sababu hakuna aliyemweleza kwa nini avumilie.

Mume ni suala gumu zaidi, na sitaki kulirahisisha. Wapo wanaoondoka. Wapo wengi zaidi ya tunavyokiri ambao hubaki, na ambao hofu yao kubwa ni ujinga wa mambo mawili: wanadhani ugonjwa unaambukiza kwa kujamiiana au kwa kulala kitanda kimoja, na wanadhani mke ameshakufa tayari. Yote mawili si kweli. Mama mdogo alimchukua mumewe kliniki bila kumweleza mengi nyumbani, akamwachia daktari aseme. Baba mdogo alisikiliza akiwa ameshika kofia yake mapajani, akauliza swali moja tu, kama anaweza kuendelea kula naye sahani moja. Daktari alimjibu kwamba anaweza, na inampasa. Tangu siku hiyo nauli ya kwenda na kurudi ilikuwa juu yake.

Swali la titi lenyewe lisipuuzwe, kwa sababu wengi hukaa kimya wakiogopa kulipoteza. Tangu mwaka 1985, majaribio yaliyoongozwa na Bernard Fisher nchini Marekani yalionyesha kwamba mwenye uvimbe mdogo anayeondolewa uvimbe peke yake na kupigwa mionzi huishi sawa na aliyeondolewa titi zima. Nafasi hiyo ni ya aliyewahi. Mama mdogo hakuwa nayo, na titi lake liliondolewa lote. Miezi saba aliyokaa kimya kulilinda ndiyo iliyomnyima njia ya kubaki nalo.

Baada ya upasuaji tiba huachana njia, na ndiyo maana wagonjwa hawapaswi kulinganisha dripu na vidonge kwenye benchi la kliniki. Kinyama kilichopimwa huangaliwa kama kina vipokezi vya homoni na kama kina wingi wa protini iitwayo HER2. Mwenye vipokezi vya homoni hunufaika na kidonge cha tamoksifeni au cha jamii nyingine, ambacho humezwa kila siku kwa miaka mitano, wakati mwingine hadi 10. Mwenye HER2 nyingi huhitaji dawa yake mahususi. Asiye na hata kimoja kati ya hivyo, hali inayoonekana zaidi kwa wanawake wenye asili ya Afrika, hutegemea zaidi upasuaji, tibakemikali na mionzi. Tibakemikali mara nyingi hutolewa kila baada ya siku 21, damu ikipimwa kabla ili kuona kama chembe nyeupe zimerejea. Moja ya dripu hizo ni nyekundu kama sharubati ya rozela na mkojo wa mgonjwa huwa mwekundu kwa siku moja au mbili. Mama mdogo alidhani anakojoa damu na hakumwambia mtu mpaka asubuhi. Nywele huanza kutoka wiki mbili au tatu baada ya dripu ya kwanza. Mionzi ni siku tano kwa wiki kwa wiki kadhaa, na kwa mtu wa Buguruni hiyo ni kazi ya kutwa, sembuse kwa aliyetoka Mtwara na hana pa kulala.

Kuishi na ugonjwa huu ni mambo madogo ya kila siku. Mkono wa upande uliopasuliwa unaweza kuvimba kwa sababu tezi za kwapani zimetolewa, hivyo hufanyishwa mazoezi taratibu na hulindwa usikatwe wala kuungua. Sidiria nayo hulegea upande mmoja, na bega na mgongo huanza kuuma kwa kukosa ulinganifu. Matiti ya bandia ya dukani yalikuwa ghali, kwa hiyo mama mdogo alirudi kwa fundi yule yule. Walishona kifuko cha pamba laini, wakajaza mtama uliooshwa na kukaushwa juani, wakiongeza na kupunguza kiganja kwa kiganja mbele ya kioo mpaka mabega mawili yakalingana. Ana vifuko viwili, kimoja huvaliwa na kingine kinaanikwa, na mtama hubadilishwa kila unapoanza kunusa unyevu.

Watoto waambiwe, na waambiwe mapema kuliko tunavyopenda, kwa maneno yanayolingana na umri wao, kwa sababu wanaona nywele zimetoka na watabuni jibu lao wenyewe. Tena ipo sababu ya damu. Kati ya asilimia tano na 10 ya saratani za matiti hutokana na jeni za kurithi, hasa BRCA1 na BRCA2, ambazo mtu anaweza kuzipata kwa mama au kwa baba, maana yake ugonjwa wa shangazi una uzito sawa na ule wa mama mkubwa. Mama mdogo alipoulizwa na daktari kama kuna aliyewahi kuugua katika ukoo, alijibu hapana. Baadaye bibi ndiye aliyekumbuka dada yake aliyefariki Rufiji kwa "donda la kifua", akiwa amefungiwa chumba cha uani ili wageni wasinuse. Miaka yote hiyo tulikuwa na jibu nyumbani na hatukujua kwamba ni jibu.

Mtaa ndio wa mwisho, na mwenye kuamua ni mgonjwa mwenyewe. Michango huhitajika, kwa kuwa hata pale tiba inapopunguziwa gharama, nauli, chakula na dawa zilizokosekana dirishani hulipwa kutoka mfukoni. Lakini sikubaliani na desturi ya kusambaza picha za vidonda kwenye makundi ya simu ili watu waguswe. Kikundi cha vikoba cha mama mdogo kilichanga kwa kuambiwa tu kwamba mwenzao anatibiwa Ocean Road na anahitaji nauli ya wiki tano. Na kwa wale ambao ugonjwa umeshasambaa, mazungumzo bado yana kazi: maumivu yana dawa, ikiwemo mofini ya kunywa, na harufu ya kidonda nayo inatibika, kwa hiyo hakuna sababu ya mtu yeyote tena kufungiwa chumba cha uani.

Mama mdogo sasa ana mwaka wa sita tangu apasuliwe, na kidonge chake hukimeza baada ya taarifa ya habari ya saa mbili. Alichagua kusema, kidogo kidogo, kwa wateja wake wa vitenge, mmoja mmoja, pale anapomwona mtu akijishika kifua mara mbili. Mwaka jana jirani alikuja magharibi akiwa na mtoto mgongoni, akaomba wazungumze chumbani. Mama mdogo alifunga mlango, akafungua khanga, akamwonyesha kovu lake kwanza, ndipo yule binti akaweza kuonyesha titi lake lenye uvimbe. Jumatatu walikwenda pamoja zahanati, wakapewa rufaa ya Amana, na majibu ya kinyama yalipotoka yalionyesha uvimbe usio na saratani. Uliondolewa, na yule binti bado hununua vitenge pale pale.